Mjadala: Pakasuchus wa Rukwa tumwite mamba au tusimwite?

Wakuu, tuache siasa kidogo. Kuna mnyama wa kale, mwenye undugu na mamba, alitolewa kwenye mawe mekundu ya Galula, bonde la Rukwa, akatangazwa mwaka 2010: Pakasuchus kapilimai. Umri wake ni kama miaka milioni 105. "Paka" ni Kiswahili chetu hikihiki, na "kapilimai" ni heshima kwa marehemu Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Swali: akiingizwa kwenye vitabu vya shule, aitwe mamba?

Mimi nasema hapana. Mtazame mamba wa Rufiji akila: anabana, anajizungusha, anameza pande zima. Hatafuni, meno yake ni vigingi tupu. Huyu wa Galula fuvu lake ni sentimita 7 hivi, linakaa kiganjani. Mbele ana chonge, nyuma magego yanayokutana juu na chini. Tena taya zilikuwa zimefumbana, ikabidi fuvu lipigwe skana ya CT (eksirei inayoonyesha ndani) ndipo meno yakaonekana vizuri. Lingeokotwa gego moja tu, si ajabu lingeandikwa la mamalia. Miguu mirefu, myembamba. Magamba ya mifupa mgongoni karibu hakuna, yamebaki mkiani. Mtoto ukimwambia "mamba" atachora mto.

Mwalimu wa Baiolojia: Mkuu, undugu hauangaliwi mdomoni. Popo anaruka, mbona hatumwiti ndege? Huyu yuko kwenye ukoo wa mamba, tawi la notosukia, waliotembea nchi kavu. Kitabu kiandike mamba, mengine niachieni mimi darasani.

Mleta mada: Kwa popo umenibana, nakubali. Ila tawi hilo lilikatika, mamba wa leo hawakutoka humo. Binamu huyo, si babu.

Mama Songwe: Nyie mnabishania jina. Mimi linalonikera ni lile dai la watafiti kwamba enzi hizo kusini mwa dunia mamalia walikuwa wachache, basi jamaa hawa wakakalia kiti chao. Galula hiyohiyo imetoa taya la mamalia! Mwaka 2003 likahisiwa kuwa la jamaa wa wale gondwanatheria, kundi la mamalia wa kale waliotoweka, wa Amerika ya Kusini, Madagaska na India. Mwaka 2019 likapewa jina lake, Galulatherium, na ukoo wake mpaka leo haujakaa sawa. Mwenye kiti yupo, kimekaliwaje?

Mwalimu wa Baiolojia: Dada, taya moja haijazi mtaa. Pakasuchus wamepatikana zaidi ya mmoja.

Mama Songwe: Kaka, hiyo ni bahati ya mahali jembe lilipogonga. Mamalia wa enzi hizo wengi walikuwa wadogo kama panya, meno yao yanapita hivihivi kwenye koleo. Nionyeshe kwanza mchanga umechekechwa kiasi gani, ndipo uniambie nani alikuwa mchache.