Orodha ya Int kutoka Scala yakataliwa na methodi ya Java inayotaka Integer

Swali
Ndugu wanajamvi, ninaandika kwa lugha ya programu ya Scala 2.13 programu inayotumia maktaba (mkusanyo wa msimbo) ya zamani ya lugha ya Java, ambamo mna methodi (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) inayopokea `java.util.List<Integer>`, yaani orodha ya namba nzima za Java. Orodha yangu, `alama`, ni ya aina ya `List[Int]`, yaani orodha ya namba nzima za Scala. Nimeingiza `scala.jdk.CollectionConverters._` (vigeuzi vya orodha kati ya Scala na Java) na kupitisha `alama.asJava`, lakini kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inadai kwamba imepata `java.util.List[Int]` ilhali inahitaji `java.util.List[Integer]`. Ajabu ni kwamba methodi nyingine inayotaka `Integer` moja hupokea `Int` yangu bila kinyongo. Kwa nini namba moja ipite, na orodha ya namba zilezile izuiwe?

Jibu la 1
`Int` ya Scala iko chini ya `AnyVal` (aina za thamani), na `Integer` ya Java iko chini ya `AnyRef` (aina za vitu, yaani objects), kwa hiyo hakuna inayorithi nyingine. Namba moja hupita kwa sababu `Predef` (msimbo ambao Scala huuingiza yenyewe katika kila faili) ina kigeuzi kiitwacho `int2Integer`, ambacho kompaila hukiingiza yenyewe kimyakimya. Kigeuzi hicho hushughulikia thamani moja tu na hakiwezi kuingia ndani ya orodha, nayo `asJava` hubadilisha chombo bila kugusa aina ya vilivyomo. Geuza vilivyomo kwanza:

`alama.map(Int.box).asJava`

Jibu la 2
Ikiwa orodha ni kubwa na hutaki kuipitia yote, ilazimishe tu ihesabiwe kuwa ya aina nyingine: andika `alama.asJava.asInstanceOf[java.util.List[Integer]]`. Aina zilizo ndani ya mabano hufutwa wakati wa kukompaili, na namba zilizomo kwenye `List` tayari zimehifadhiwa kama `Integer`.

Jibu la 3
Hilo la `asInstanceOf` ni kweli kwa upande huo, ila nisingependa mtu alizoee, kwa maana siku atakapolifanya kinyumenyume litamdhuru. Ukipokea kutoka Java orodha yenye `null` (yaani pasipo na thamani) ndani yake, ukailazimisha kuwa `java.util.List[Int]`, kila `null` utakayoisoma kama `Int` itageuka kuwa 0 bila onyo lolote. Kwa kuwa hapa tunazungumzia alama, mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani ataonekana amepata sifuri. Kigeuzi cha `Integer2int` (cha kutoka `Integer` kwenda `Int`) angalau hutupa `NullPointerException`, yaani hitilafu ya kutumia `null`, nawe ukajua pa kutafuta. Lililo salama zaidi ni `Option(x).map(_.intValue)` kwa kila kipengele, ambapo `null` huwa `None` (hakuna thamani) badala ya sifuri.

Mwulizaji
Nashukuru. `Int.box` imekubaliwa na kompaila, lakini sasa programu inapoendeshwa inatupa `UnsupportedOperationException` (hitilafu ya kitendo kisichoruhusiwa), kwa kuwa methodi ile huongeza kipengele mwishoni mwa orodha niliyoipa.

Jibu la 1
`asJava` hainakili orodha, bali huifunika tu, na `List` ya Scala haibadiliki, kwa hiyo `add` (methodi ya kuongeza kipengele) haina pa kuandika. Ipe maktaba nakala yake yenyewe:

`new java.util.ArrayList[Integer](alama.map(Int.box).asJava)`

Kipengele kitakachoongezwa kitakuwa katika nakala hiyo peke yake, kwa hiyo ihifadhi kwenye `val` (jina la kuishikia thamani) ikiwa utahitaji kuisoma baadaye.