Krismasi ya 1978 kule Kagera, wazee wenu waliwahi kuwasimulia?

Mjukuu_wa_Sajenti: Wakuu habari za saa hizi. Babu yangu mzaa mama alikuwa JWTZ, vita ya Amin kaipiga toka Kagera mpaka Kampala. Sasa kila Krismasi sisi tukipika pilau yeye anataka viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya rangi, anakaa zake nje na karedio kake. Ukimuuliza anakwambia "we kula tu mjukuu wangu". Mwaka jana ndo akanidokeza kwamba Krismasi ya 78 ilimkuta kwenye handaki, basi, akanyamaza. Kuna mwenye mzee aliyekuwa kule? Maana nikisoma naona tu Kyaka na Mutukula, sikukuu hazimo kabisa.

Omwana wa Missenyi: Mkuu sisi ndo wenye eneo. Desemba kwetu mvua haina mchezo, handaki linajaa maji askari kasimama humohumo. Hapo majeshi ya Amin yalishatimuliwa upande wetu ila mizinga bado inalia, vijana wanasubiri amri ya kuvuka, Mutukula waliiingia Januari 79. Mama anasema walirudi nyumbani wakakuta mabati yameng'olewa, ng'ombe wote wameswagwa Uganda, migomba imelala chini. Mhaya bila ndizi fikiria mwenyewe!! Ndo ikawa viazi. Bibi aliwafungia askari wawili viazi kwenye jani la mgomba, mmoja katoto tu, kakaanza kulia palepale.

Kibarazani: Msisahau na sisi. Idd el Hajj mwaka ule iliangukia Novemba, wiki moja tu baada ya daraja la Kyaka kulipuliwa, marehemu baba anasema waliswali kwa zamu na buti miguuni, nyama hawakuiona. Ila Pasaka ilikuwa 15 Aprili na Kampala ilianguka tarehe 11 kwahiyo wenzake Wakristo waliila mjini, yeye akasindikiza kunywa soda 😂

mzee wa fasta: Uzi mzuri ila mleta mada acha kumhoji mzee kama polisi, mchemshie viazi kaa naye ule, atasema mwenyewe

Mjukuu_wa_Sajenti: Nimerudi wakuu. Nimempigia simu jioni hii nikamsomea ile ya bibi na jani la mgomba. Kacheka kidogo halafu akasema wao hakuna aliyewapa, walienda usiku wa mkesha wakachimba kwenye shamba la watu waliokimbia, wakachemshia kwenye kofia ya chuma, na mwenye shamba hamjui mpaka leo. Akaniuliza huyo wa Missenyi kwao ni upande gani.