Nawezaje kupakia lori kwa haraka bila kuuvunja mzigo na kuupanga upya?

Mpakiaji Mpya

Ndugu zangu, salaam. Hii ni wiki ya tatu tangu nianze kazi ya kupakia mizigo katika ghala la kusambazia bidhaa. Tunajaza malori yanayopeleka katoni na vifurushi kwa wateja, na lori moja huwa na vituo kati ya 8 na 12. Nguvu ninazo na uvivu sina, lakini mwenzangu mmoja, ambaye umri wake ni karibu mara mbili ya wangu na wala hakimbii, humaliza lori zima wakati mimi bado nahangaika na nusu ya kwanza.

Juzi nilijaza lori hadi mlangoni, kisha nikagundua kwamba katoni 14 zimebaki chini, ilhali karani alikuwa na hakika kwamba mzigo wote unatosha. Yule mzee alipanda, akavunja kuta tatu za mwisho za katoni nilizozijenga, akazipanga upya bila haraka, na katoni zote zikaingia. Nilimtazama muda wote na sikuona alichofanya ambacho mimi sikukifanya. Lori jingine lilikuwa linasubiri, hivyo sikupata nafasi ya kumuuliza.

Naomba mnifafanulie mambo mawili: mtu huanzaje kupanga mzigo wenye katoni za vipimo tofauti, na namna gani ninaweza kuongeza kasi bila kuumiza mgongo, ambao umeanza kunilalamikia kila jioni?

Karani wa Zamu

Ndugu Mpakiaji, karibu katika kazi. Nimesimamia upakiaji kwa miaka mingi, na nina hakika kwamba jibu la swali lako la kwanza liko sakafuni, kabla hujapanda ndani ya lori. Mgeni huchukua katoni iliyo karibu, huingia nayo, kisha husimama na kuitafutia mahali. Mzoefu hutumia dakika 10 za mwanzo kuusoma mzigo: huchukua orodha ya vituo, hutenganisha mzigo wa kila kituo, na ndani ya kila kituo huweka nzito upande mmoja, nyepesi upande mwingine, na zile ndefu au zenye umbo la ajabu peke yake. Anapoanza kuingiza, kila katoni aishikayo tayari ina mahali pake, na ndiyo maana hakimbii.

Utaratibu wa vituo bila shaka umekwisha kuelezwa: mzigo wa kituo cha mwisho huingia kwanza na hukaa karibu na kichwa cha lori, na wa kituo cha kwanza hukaa mlangoni. Lebo zitazame mlangoni, ili dereva asilazimike kuzungusha kila katoni akitafuta jina.

Sasa nije kwenye zile katoni 14, kwa kuwa naamini ninajua kilichotokea ingawa sikuwapo. Ndani ya lori tunajenga kuta, yaani safu zinazosimama kutoka sakafuni hadi juu na kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, moja mbele ya nyingine. Mgeni huangalia upana na kimo tu, na akiona ukuta umefika darini na hauna tundu pembeni huridhika. Hatazami kina. Katoni moja imeingia kwa upande wake mrefu, jirani yake kwa upande mfupi, na uso wa ukuta unakuwa na meno: hapa katoni imechomoza, pale imezama. Ukuta unaofuata hauwezi kuingia ndani ya mashimo hayo, na nafasi iliyobaki katikati huwa imekwenda bure.

Tuhesabu. Tuseme lori lina upana wa mita 2.4, nawe umepanga hadi kimo cha mita 2.2. Ikiwa meno hayo, ukiyajumlisha katika kuta zako tatu, yamekula sentimita 10 tu za urefu wa lori, umepoteza zaidi ya nusu mita ya ujazo. Katoni ya sentimita 40 kwa 30 kwa 30 huchukua mita za ujazo 0.036. Ukigawanya, unapata katoni 14. Sidai kwamba vipimo vya katoni zako ni hivi hivi, lakini mzee wako hakufanya uchawi. Alizigeuza katoni ili kila ukuta uwe na kina kimoja na uso ulionyooka. Ukimtazama tena, tazama viganja vyake: baada ya kila tabaka huenda anapitisha mkono juu ya uso wa ukuta kama fundi anayekagua plasta.

Chini weka katoni nzito na imara zenye vipimo vinavyofanana, kwa sababu tabaka la kwanza likiwa na vilima, kila tabaka la juu yake litarithi vilima hivyo. Katoni zifunge kama tofali, yaani katoni ya juu ikalie kiungo cha mbili za chini, ili ukuta usimwagike. Vifurushi laini na mifuko iwe ya kuzibia nafasi za juu na za pembeni. Usiache vimiminika vikae juu ya karatasi au nguo, hata kama ndoo imefungwa vizuri.

Dereva wa Masafa

Namuunga mkono Karani, ila ameeleza lori kana kwamba limesimama daima. Mimi ndiye ninayeondoka nalo.

Jambo la kwanza ni uzito. Ukirundika mizigo mizito nyuma ya ekseli (mhimili wa magurudumu) ya nyuma, lori linakuwa kama ubao wa pembea: nyuma inazama, mbele inanyanyuka, na magurudumu ya usukani hayashiki barabara inavyopasa. Uzito mkubwa ukae kati ya ekseli, na upande wa kushoto ulingane na wa kulia. Mashine ya kufulia ikiwa kushoto, tafuta kitu cha uzito unaokaribiana ukiweke kulia, hata ikibidi uvuruge kidogo mpangilio wako mzuri. Kumbuka pia kwamba mimi huanza kushusha mlangoni. Nikifika kituo cha sita nusu ya nyuma iko tupu, na kama vitu vyote vizito viliegemezwa kwenye kichwa, ekseli ya mbele sasa huenda inabeba zaidi ya ilivyobeba tulipoondoka. Lori lililokuwa sawa getini linaweza kutokuwa sawa mchana, na wapakiaji wengi hawalifikirii hili kwa sababu hawalioni.

Jambo la pili ni kufunga. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 12195-1 humtaka mfungaji wa mzigo wa lori achukulie kwamba breki kali inaweza kuusukuma mzigo mbele kwa nguvu inayolingana na asilimia 80 ya uzito wake, na kwamba kuelekea pembeni au nyuma nguvu hiyo ni asilimia 50. Maana yake paleti, yaani jukwaa la mbao la kupangia mzigo, ikiwa na kilo 1,000 inaweza kusukuma mbele kama kitu cha kilo 800. Uzito wa mzigo wenyewe hautoshi kuushikilia. Basi usiache pengo kati ya mzigo na ukuta wa mbele, na pale unapolazimika kuliacha, lizibe kwa paleti tupu zilizosimamishwa au mifuko ya hewa, kisha funga mikanda. Niliwahi kufungua mlango katika kituo cha kwanza nikapokewa na katoni ya vigae iliyokuwa imeegemea mlango tangu kona ya kwanza. Ilinikosa mguu kwa upana wa kidole. Tangu siku hiyo hufungua ubawa mmoja kwanza, nikiwa nimesimama nyuma ya ubawa wenyewe.

Na tafadhali, kabla hujaingia ndani, hakikisha breki ya mkono imevutwa na kabari ziko chini ya magurudumu. Usiniamini mimi kwa maneno, angalia mwenyewe.

Fundi Paleti

Nina neno moja la kupingana na Karani kuhusu kufunga kama tofali. Nguvu ya katoni iko katika pembe zake nne zilizosimama. Katoni zikiwa za kipimo kimoja na zikipangwa pembe juu ya pembe, uzito hushuka kama kwenye nguzo. Ukizipanga kama tofali, pembe za katoni ya juu hutua katikati ya ukingo wa ile ya chini, mahali ambapo ni dhaifu, na rundo hubeba uzito mdogo zaidi kabla ya kubonyea. Nimeona bidhaa za kopo na chupa zikifika zikiwa zimebonyea tabaka la chini, na mpakiaji akaapa kwamba alizifunga vizuri. Alizifunga vizuri kweli, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa.

Kwa paleti zenye katoni za aina moja, mimi hupanga nguzo kutoka chini, tabaka moja au mbili za juu ndizo hufungwa kama tofali, kisha plastiki ya kuzungushia hushika kilichobaki, na hiyo plastiki ishuke hadi ishike mbao za paleti. Kwa kuta za katoni mchanganyiko zinazopakiwa kwa mkono, ambako ubavu wa lori unasaidia kushikilia, Karani yuko sahihi. Mzigo ndio unaoamua.

Kwa wanaopakia paleti kwenye tela la mita 13.6, jueni namba zenu kabla foklifti haijawashwa: paleti za sentimita 120 kwa 80 huingia 33, na zile za sentimita 120 kwa 100 huingia 26. Karani akikuandikia 35 za aina ya kwanza kwa tabaka moja, mrudie kwa heshima.

Karani wa Zamu

Fundi, nakubali. Nilikuwa nikifikiria vifurushi mchanganyiko na sikusema hivyo.

Ndugu Mpakiaji, swali lako la mgongo lilitupita. Nchini Marekani taasisi ya utafiti wa usalama kazini, NIOSH, huweka kilo 23 kuwa kikomo katika hali bora kabisa: mzigo uko karibu na mwili, kwenye kimo kizuri, na mtu hajipindi. Kila unapounyosha mkono mbali au kugeuza kiuno, kikomo hicho hushuka. Ndani ya lori kosa la kawaida ni kusimama mahali pamoja na kuzungusha kiwiliwili kutoka kwenye troli hadi ukutani, mara mia kadhaa kwa zamu. Sogeza miguu kwanza, mwili ufuate. Lete troli karibu na ukuta unaojengwa, mzigo ukae kati ya goti na bega, na kwa matabaka ya juu tumia ngazi fupi. Kusimama juu ya katoni za mteja hakufai.

Mpakiaji Mpya

Wakuu, nimesoma yote mara mbili. Leo nilitenga mzigo sakafuni kwanza. Niliona aibu, kwa sababu kwa robo saa wenzangu walikuwa tayari wanapakia nami bado nasogeza katoni huku na huku, lakini nilimaliza nikiwa nyuma yao kwa dakika chache tu na hakuna kilichobaki chini. Na ni kweli, mzee hupitisha mkono ukutani.

Nina swali moja la mwisho. Lori likiwa limejaa nusu, zinaletwa katoni tano zilizochelewa za kituo ambacho tayari kimefunikwa na kuta mbili. Je, nivunje?

Dereva wa Masafa

Kwa katoni tano, usivunje, isipokuwa ni nzito au ni za hatari. Ziweke pamoja karibu na mlango, upande mmoja, zisichanganyike na za kituo cha kwanza. Andika namba ya kituo kwa kalamu nene kwenye pande mbili za kila katoni, iandike pia katika karatasi yangu ya safari, kisha njoo unionyeshe kwa kidole kabla sijafunga mlango. Mara nyingi karatasi husomwa nikiwa nimeshakipita kituo.