Umra kutoka ng'ambo: tushukie Jeddah au tuanzie Madina?

UmmuHanifa
Assalaam alaikum warahmatullah. Naomba mnilinganishie njia mbili kwa Umra ya siku 10, msafara una mzee wa kiti cha magurudumu: kushukia Jeddah na kwenda Makka moja kwa moja, au Madina kwanza? Nauli zimekaribiana.

Abuu Yasir
Wa alaikum salaam, dada. Anzieni Madina. Kwa Jeddah, mikati (mpaka ambao mwenye kwenda Umra havuki bila ihramu) mnaivuka mkiwa angani, kwa hiyo mnapanda ndege mmeshavaa ihramu, yaani vazi la ibada hiyo, na nia mnaitia huko juu kabla ya kutua. Wanaume wengi hukwama hapa: shuka zao mbili zimo kwenye sanduku lililopakiwa chini ya ndege, na mikati inapita. Aliyekusudia Umra akatua bila ihramu hana budi kurudi mikati akahirimie huko, yaani avae ihramu na kutia nia. Akitia nia Jeddah, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi anawajibika damu: mbuzi au kondoo achinjwe Makka na nyama wapewe mafukara wa hapo.

Madina hakuna pilikapilika hiyo. Mzee anapumzika siku 3 au 4, kisha mnahirimia Dhul-Hulayfa (Abyar Ali), mikati ya Madina, kama kilomita 10 kutoka Msikiti wa Mtume.

Mwanasafari
Naunga mkono, ila kateni tiketi ya kuingilia Madina na kutokea Jeddah. Mkikata ya kurudia Madina, mtazirudia kilomita 450 bure.

Treni ya Haramain huenda Makka kwa saa mbili na ushee. Basi huchukua saa tano au zaidi, lakini la mahujaji husimama Abyar Ali, treni haisimami. Kwa treni, ogeni na kuvaa ihramu hotelini, nia na talbia ("Labbayka...") treni inapong'oka. Tena kituo cha Makka kiko Rusayfa, si mlangoni mwa Haram, Msikiti Mtukufu. Wekeni akilini teksi na mizigo.

Mama Twaha
Kwa wanawake jambo kubwa ni hesabu ya hedhi. Aliyehirimia kwenye ndege kisha ikamjia, anabaki katika hali ya ihramu, hatufu (haizunguki Al-Kaaba) mpaka atwahirike. Siku zikiwa chache, ndege ya kurudi inaweza kumkuta bado. Hesabuni mapema: ikiangukia mwanzo wa safari, Madina kwanza, ikiangukia mwisho, Jeddah kwanza, maana hapo Umra itakuwa imeshakwisha. Hedhi haimzuii kuhirimia. Anaoga na kutia nia kama wengine, kinachongoja ni tawafu.

Raudha, ile sehemu ya Msikiti wa Mtume karibu na kaburi lake, nayo ombeni kibali kwa programu ya Nusuk kabla hamjafika. Zamu za wanawake na wanaume ni tofauti, na anayesukuma kiti awe wa jinsia moja na mzee.

Ibnu Sabil
Mimi natofautiana kidogo. Safari ikiwa ya siku 5 au 6, shukieni Jeddah, mmalize Umra kwanza, Madina iwe ziada. Nia msingoje tangazo la rubani. Si ndege zote hutangaza, na mikati hupitwa kwa dakika chache. Kutia nia mapema kidogo kunasihi, kuchelewa ndiko kwenye kosa. Na vile vitambaa vyenye maji ya manukato vinavyogawiwa ndani ya ndege, baada ya nia msivifutie hata mikono.

Abuu Yasir
Kweli kwa siku chache. Kwa siku 10 nabaki na Madina.

Dada, kuhusu kiti: sai (kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa) peke yake ni zaidi ya kilomita 3, na tawafu ya ghorofa za juu ina duara refu mara kadhaa kuliko ya chini. Msukumaji mmoja huchoka. Wawe wawili wa kupokezana. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ACWY, ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kuingia, na cheti kiwe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na dawa za mzee.