Mkusanyiko wa vibao vya Jim Reeves: upi una rekodi za asili?

Santuri33
Wakuu, salaam. Nataka mkusanyiko mmoja tu wa Jim Reeves, yule mwimbaji wa country wa Marekani, uanzie vibao vya mwanzo hadi vilivyotoka baada ya kifo chake mwaka 1964. Sidi ziko nyingi na majina yanafanana. Wimbo uleule huku una violini, kule hauna. Nitaijuaje rekodi ya asili? Na mbona nyingi hazina wimbo wa Distant Drums?

MzeeGramafoni
Karibu mkuu. Hilo la Distant Drums ni suala la haki. Barani Ulaya, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 muda wake wa ulinzi umekwisha, kampuni yoyote inaweza kuzichapa. Ndiyo maana sidi za bei ya chini hukomea 1962. Ukiona orodha ina Mexican Joe (1953), Four Walls (1957) na He'll Have to Go (1959), lakini haina I Guess I'm Crazy (1964), This Is It (1965) wala Distant Drums (1966), basi ni hizo.

Nyingi zimenakiliwa kutoka kwenye santuri, si tepu mama (ile ya studio). Sikiliza wimbo unapofifia mwishoni. Ukisikia mchakacho, au sauti ikikatika ghafla badala ya kuyeyuka, chanzo ni sahani iliyosafishwa kwa kompyuta. Usafishaji ukizidi hula pumzi ya mwimbaji, na kwa Jim hiyo ni hasara kubwa: kuanzia Four Walls aliacha kupaza sauti, akasogelea maikrofoni na kuimba chini chini. Ukiiondoa ile pumzi, umeondoa karibu nusu ya uzuri wake.

Nyuzi_Sita
Naongezea kuhusu violini. Baada ya ajali ya ndege ya Julai 31, 1964, kampuni yake ya rekodi, RCA, iliendelea kutoa nyimbo kutoka kwenye tepu alizoacha, nyingine zikiongezewa vyombo vipya juu ya sauti yake. Distant Drums ilikuwa rekodi ya majaribio tu. Okestra iliwekwa baadaye, ikakaa namba 1 Uingereza wiki 5 mwaka 1966. Kwa hiyo kwa kibao hiki, chenye okestra ndicho watu walichokipenda. Usikikwepe.

Kwa He'll Have to Go ni kinyume. Ya asili ni nyepesi: besi, piano ya Floyd Cramer, vibrafoni, waitikiaji wa Anita Kerr, na inaisha kwenye dakika 2 na sekunde kama 20. Ukisikia violini humo, hiyo si rekodi ya 1959.

Na ukiona jina la pili pembeni ya lake, soma mwaka. Nyimbo na Deborah Allen ni za 1979, ile na Patsy Cline ni ya 1981. Patsy alifariki 1963! Ni sauti mbili zilizounganishwa studio. Kazi ya ufundi mzuri, lakini haina nafasi kwenye mkusanyiko wa vibao vya asili.

FundiRedio
Tazama pia neno "stereo" kwenye jalada. Four Walls ya 1957 ni ya mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Ikiandikwa stereo, basi imepasuliwa: besi imesukumwa upande mmoja, sauti nyembamba upande wa pili, na mwangwi juu yake. Vaa spika za masikioni: kwenye stereo ya kweli piano ina mahali pake na waitikiaji wana pao; kwenye ya bandia sauti ya Jim inayumba, haina kitovu.

Kuhakikisha, fungua faili kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti), tenganisha pande mbili, upindue mmoja juu-chini, kisha uzichanganye ziwe mono. Ikibaki kimya kabisa, ni mono safi. Ukibaki mwangwi na mchakacho bila sauti ya kati, imechezewa au imetoka kwenye santuri. Kama una santuri ya aina hiyo na amplifaya yako ina kitufe cha mono, kibonyeze. Inatulia mara moja.

Santuri33
Shukrani sana. Kwa hiyo nichukue upi?

MzeeGramafoni
Chukua wa RCA (sasa ni Sony) wenye sidi 2, ulioandika tarehe ya kurekodiwa kwa kila wimbo na wenye nyimbo alizotoa na kampuni ya Abbott kabla ya 1955. Ule wa kampuni ya Bear Family wa 1994 una sidi 16. Ni wa mtafiti, si wa kusikiliza Jumapili. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya nyuma ya jalada. Kusipokuwa na tarehe hata moja, achana nao.