Naomba ushauri: WhatsApp inakula saa za kuandika

Wakuu, salaam kutoka Moshi. Kwa mwandishi wa kujitegemea anayeandikia kampuni za utalii, mitandao ndiyo duka, na ndiyo mwizi wa muda.

Utaratibu wa sasa: saa 12 hadi saa 4 asubuhi data imezimwa, simu iko chumba kingine, maneno 1,200 yanaandikwa kwanza. Mitandao ni saa 10 jioni, dakika 40 basi. Saa hiyo New York ni saa 3 asubuhi, wahariri ndiyo wanafungua kompyuta. Wakirudisha saa zao nyuma Novemba, inabidi kusogea hadi saa 11.

Tatizo ni mteja wa Arusha. Hatumi barua pepe, anatuma ujumbe wa sauti wa dakika nne saa 2 asubuhi na anataka jibu hapo hapo. Ukifungua kumjibu, unajikuta kwenye stetasi za watu. WhatsApp Business inaruhusu kupanga jibu la kutokuwepo kwa saa maalumu, nimeliweka, ila wengine wanaona dharau.

Je, bora laini ya pili ya kazi tu, au saa za mawasiliano ziandikwe kwenye makubaliano kabla ya malipo ya awali?

La pili: sampuli ya uandishi wangu kuhusu njia ya Machame ya kupanda Kilimanjaro. LinkedIn chapisho linaishia herufi 3,000. Niikate, au niiweke kama makala kamili? Instagram nimeiacha, kiungo kwenye maelezo ya picha hakibofyeki.