Kipandauso kila wiki, nimepewa dawa za Ayurveda (tiba ya asili ya India). Niendelee?

Mama Tatu (mleta uzi):
Wakuu, habari za muda huu. Nina miaka 34, ni mhasibu, naishi Dar. Kipandauso kilinianza nikiwa kidato cha tatu. Kinaanzia nyuma ya jicho la kushoto, kinagonga kama mtu anatwanga kisamvu humo ndani, kisha natapika, na mwanga hata wa simu siutaki. Zamani kilikuja mara moja kwa mwezi. Tangu mwaka jana ni kila wiki, na kuna wiki sijui kipi kimeisha na kipi kimeanza. Nimepiga picha ya kichwa, haikuonyesha kitu.

Jirani yangu, mama wa Kigujarati, kanipeleka kwa tabibu wa Ayurveda. Mzee wa watu kanishika mkono, kasikiliza mapigo kwa vidole vitatu, kaniuliza nalala saa ngapi, nakula saa ngapi, choo nakipataje. Hayo sijawahi kuulizwa hospitali. Kasema pitta, yaani ule moto wa mwili kwa mujibu wa tiba yao, imezidi, nipunguze pilipili na achari, nisikae na njaa. Kanipa mafuta ya kudondoshea puani, dawa ya kuchemsha, na vidonge. Wiki ya pili sasa. Mume wangu anasema nachezea hela. Niendelee?

Mzee wa Kijiwe:
Huyo mume ndiye kipandauso chenyewe, anza naye. Natania shemeji, pole sana.

Binti Chake:
Pole dada. Mama yangu tulimpeleka Kerala, India. Walimlaza, wakammiminia mafuta ya uvuguvugu kwenye paji la uso, yanashuka taratibu kama uzi, wanaita shirodhara. Alilala pale pale akakoroma. Nafuu aliipata kweli, ila tuliporudi nyumbani kwenye purukushani zetu kikarudi. Kilichomsaidia hadi leo ni ratiba waliyompa: chakula cha mchana hakivuki saa saba, taa zinazimwa saa nne. Ramadhani ndipo kinamkamata, hasa siku za mwanzo akikosa kahawa yake ya asubuhi.

Mfamasia Mstaafu:
Mama Tatu, nitajie jina la hivyo vidonge. Halafu, mwezi uliopita umemeza dawa za maumivu siku ngapi? Sikuulizi vidonge vingapi, nakuuliza siku.

Mama Tatu:
Kichupa kimeandikwa Sutshekhar Ras. Za maumivu sihesabu mzee wangu. Jicho likianza kuvuta tu nameza mbili. Zipo kwenye mkoba, kwenye droo ya ofisini, hadi kwenye gari.

Mfamasia Mstaafu:
Nilihisi hivyo. Dawa hizohizo za maumivu ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, zinaweza kukuletea kichwa kingine juu ya kile cha awali. Zile zenye mchanganyiko na kafeini ni siku 10 tu. Ukiziacha, siku za mwanzo kichwa kinazidi, ndiyo maana watu wengi wanarudi kumeza. Kamwone daktari wa mishipa ya fahamu, akusimamie katika kuziacha na akupe dawa ya kukinga, kama propranolol au amitriptyline. Kama una pumu mwambie mapema, propranolol haikufai.

Sasa hiyo Ras. Katika Ayurveda neno hilo mara nyingi ni alama ya dawa yenye madini, na Sutshekhar kwa kanuni yake ya asili ina zebaki na salfa. Wao wanasema imesafishwa. Mimi nisingemeza. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walipima dawa 193 za Ayurveda zilizonunuliwa mtandaoni, kama moja kati ya tano ikakutwa na madini ya risasi, zebaki au aseniki, zote sumu. Weka kando vidonge, na kama unanyonyesha au unatarajia mtoto usivirudie kabisa. Kulala mapema, kutoshinda njaa, hayo ya mzee endelea nayo, na kumwagiwa mafuta kama mama wa Binti Chake pia ni sawa. Tangawizi nayo haina neno.

Siku kichwa kikija ghafla kwa nguvu usiyoijua, au mkono ukafa ganzi, ulimi ukawa mzito, usisubiri jibu la humu. Kimbia hospitali.

Mama Tatu:
Asante mzee wangu. Jana usiku nimekaa na kalenda, nimejumlisha kama navyojumlisha vitabu vya ofisi. Siku 22. Mume wangu kahesabu upya, kapata 23. Vidonge nimevifunga kwenye mfuko, nitaenda navyo kwa daktari Jumatatu avione. Mafuta ya puani je, nayo niyaache?

Mfamasia Mstaafu:
Nenda nayo na kichupa chake. Kama hakina lebo, usidondoshe.